Sahani za Christiane zilizobaki Kasomeno

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha ghorofani juu ya mashine ya kusaga mahindi huko Kampemba, mtaa wa Lubumbashi, vijana wawili wameketi wakipeana mgongo. Hawaruhusiwi kuzungumza wala kugeuka. Katikati yao anatembea mwanamke mrefu aliyevaa kikwembe cha bluu na raba nyeupe, mkononi ana sahani ya bati iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

Anasimama mbele ya kijana wa kwanza, Doudou, ambaye anaandika maneno machache kwenye kipande cha karatasi, anakitia ndani na kufunika. Mwanamke anazunguka na kuiweka sahani mbele ya wa pili, Ariel. Ariel anafunua, anasoma, anatia jibu lake, na sahani inarudi ilikotoka. Huko chini mashine inanguruma, sakafu inatetemeka, na unga umetanda hata juu ya kompyuta.

Safari inayofuata mwanamke hasimami kwa Ariel. Anampita, anakwenda mpaka dirishani na kubaki hapo na sahani yake, akitazama barabara kana kwamba ana siku nzima ya kupoteza. Doudou anasubiri. Anakuna kichwa, anasubiri tena.

“Doudou, sahani haiyarudi,” mwanamke anasema bila kugeuka, kwa Kiswahili cha Lubumbashi: haijarudi. “Unawaza nini?”

“Nawaza kama sijui.”

“Bien. Andika paka vile,” anamwambia, yaani aandike hivyohivyo, kwamba hajui.

Huyo ni Christiane Chilufya, mwenye miaka thelathini na sita, fundi wa programu za kompyuta. Na hiyo unayoiona ndiyo kazi yenyewe. Mwandishi wa makala haya alipanda zile ngazi akitegemea kukuta skrini zinazomeremeta na waya kila kona. Skrini zipo, lakini zimezimwa. Kwa Christiane kompyuta huwashwa kazi ya sahani ikishakwisha, na kuna wiki ambazo haiishi kabla ya Alhamisi.

Tuelewane kwanza anafanya nini, maana hata majirani zake hawajui. Programu kubwa haijengwi kwa kipande kimoja. Hujengwa kwa sehemu, na kila sehemu ina fundi wake. Programu ya akina Christiane inaunganisha zahanati ndogo za uzazi na benki ya damu mjini Lubumbashi. Doudou ametengeneza sehemu inayokaa kwenye simu ya muuguzi. Ariel ametengeneza inayokaa benki na kujua damu gani ipo na gari gani liko tayari.

Christiane anatengeneza mlango baina yao. Wataalamu huuita kiolesura. Pamoja na mlango kuna mkataba wake: nani anauliza, kwa maneno gani, anajibiwa nini, na asipojibiwa afanyeje. Ukiharibika mkataba, sehemu zote mbili zinaweza kuwa nzima na bado programu ikasema uongo.

“Miye siingie mu nyumba ya Doudou, siingie mu nyumba ya Ariel,” anaeleza. “Gisi banapika mule ndani, ni mambo yao. Miye nalinda mulango. Kile kinapita pale, bote babili banapashwa kukijua mbele.”

Maneno hayo hakuyatoa chuoni, ingawa chuo alisoma, na alisoma vizuri. Aliyatoa kwa mjomba wake.

Tonton Mukuka, kaka wa mama yake, ni mstaafu wa karakana ya reli. Lakini Kampemba wanamjua kwa kazi nyingine. Kwa Wabemba wa ukoo wao, kijana anayetaka kuoa haendi kuomba mwenyewe, wala baba yake haendi. Anatumwa mtu wa katikati, shibukombe. Tonton Mukuka amekuwa shibukombe wa watu wengi kiasi kwamba akienda kanisani hukaa katikati ya ndoa zake mwenyewe, kulia na kushoto.

Shibukombe huingia kwa wakwe na sahani mbili, moja ikiifunika nyingine, ndani yake shanga au kitu kidogo cha heshima. Wakikubali mazungumzo, wanachukua kilichomo na sahani inarudi tupu. Wakikataa, inarudi na vitu vyake kama ilivyokwenda. Hakuna anayegombana uso kwa uso. Matusi yakitoka, anayeyasikia ni shibukombe peke yake, na anayameza.

Christiane alikuwa msichana wa sekondari alipombebea mjomba sahani kwa posa ya binamu yake. Walipotoka, sahani ilibaki ndani na hakuna aliyesema neno. Njiani akauliza, sasa hiyo ni ndiyo au ni hapana?

“Nilimwambia kama haina moja, haina ingine,” yaani si ndiyo wala si hapana, mzee anakumbuka, akiwa ameketi barazani kwake na redio mapajani. “Habayatujibu. Usiende kumwambia kijana kama amepata bibi. Usimwambie tena kama amekosa. Umwambie kama habayajibu, basi.”

Leo anawaambia majirani kwamba mpwa wake anaozesha kompyuta na hajawahi kuletewa hata mguu wa mbuzi wa shukrani. Anasema hivyo akicheka, na kila anapokwisha kucheka huongeza kwamba nchi nzima haina mtoto mwingine kama huyo. Bila shaka mjomba anapendelea, lakini ukikaa siku moja na Christiane unaanza kupendelea nawe.

Kabla ya programu hii Christiane alikuwa na kazi nzuri kwa mkandarasi mmoja njia ya Kinsevere, akitengeneza programu za mizani ya magari ya mgodini. Mshahara ulikuwa karibu mara tatu ya anachopata leo. Alipouacha ili kujiunga na Doudou na Ariel, mama yake alimwandikisha kwenye maombi maalumu kanisani. Wakati huo wazo la benki ya damu lilikuwa la vijana watatu na kompyuta mbili.

Programu ilianza, ikapendwa, zahanati moja baada ya nyingine ikaingia. Kisha likatokea la Kasomeno.

Hapo Christiane anaacha kutabasamu. Anaomba mashine ya chini inyamaze kwanza ndipo asimulie, na kwa bahati nzuri muda mfupi baadaye wasagaji wanakwenda kula.

Kasomeno ni mji mdogo wa biashara kwenye barabara ya Kasenga, safari ya saa kadhaa kutoka Lubumbashi, na wakati wa mvua hakuna anayethubutu kukutajia ni saa ngapi. Zahanati moja ndogo ya uzazi huko inaongozwa na Mama Léonie Kunda, muuguzi mzaliwa wa palepale. Msimu wa mvua wa mwaka juzi alipokea mama mjamzito aitwaye Séphora, damu yake imepungua sana na uchungu unakaribia. Mama Léonie akachukua simu ya programu na kuomba damu.

Skrini ikawa kijani. Ikaandika: Imepokelewa, inakuja.

Hakukuwa na kitu kinachokuja. Benki ya damu umeme ulikuwa umekatika, na sehemu ya Ariel ilikuwa imelala. Sehemu ya Doudou ilituma ombi, ikasubiri, ikaona kimya. Na Doudou, kwa kuwa mtandao wa Lubumbashi huenda na kurudi unavyotaka wenyewe, alikuwa ameiambia sehemu yake kwamba kimya kihesabiwe kuwa ndiyo. Alihofia kuwachosha wauguzi kwa taa nyekundu kila dakika. Tena alijua, kama sisi sote tunavyojua, kwamba mtu wa Lubumbashi akituma ujumbe wowote hupiga simu nyuma yake kuuliza kama umefika.

Umeme uliporudi, sehemu ya Ariel iliamka, ikalikuta ombi limepitwa na wakati, ikalitupa. Ariel naye alikuwa amewaza vilevile: ombi la zamani huwa limeshamalizwa kwa simu, kwa nini kulituma gari mara mbili? Babu zake walitoka Kasai, ambako watu husifika kwa unadhifu, na hata katika chumba hiki cha unga Ariel huvaa shati jeupe lililopigwa pasi. Si mtu wa kufanya kazi ovyo. Kila mmoja alikuwa ameegemea simu ambayo haikuandikwa popote kwenye mkataba.

Na simu haikupigwa, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamekwenda Kasomeno mwezi mmoja kabla, wakamwambia Mama Léonie kwamba kuanzia sasa hana haja ya kupiga simu. Skrini inatosha, walimwambia. Aliwaamini.

Alingoja mpaka jua likaanza kushuka. Alipopiga hatimaye, benki hawakujua lolote. Mama Léonie akasimamisha lori la makaa lililokuwa likielekea mjini, akamlaza Séphora mbele pamoja na dereva, naye akapanda nyuma juu ya magunia. Séphora alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Alipona, na mtoto akazaliwa hai. Lakini hakuna mtu katika chumba hiki anayedai kwamba hilo lilikuwa jasho lake.

“Bantu balisema ni Doudou, bengine balisema ni Ariel,” anasema Christiane. “Apana. Mulango ulikuwa wa miye. Miye njo niliacha kile kimya bila kukipatia jina.”

Juma lililofuata alisimamisha kazi yote. Zahanati zilizokwisha kuunganishwa ziliambiwa zirudie simu za kawaida. Mfadhili aliyelipia programu alikasirika, akatishia kuwapa kazi watu wengine. Doudou alimwambia kwamba anaua kazi ya miaka yao. Christiane alikwenda sokoni, akanunua sahani mbili nyeupe za udongo zenye mstari wa kijani ukingoni, akapita kwa mjomba kuomba shanga nyeupe, akapanda gari la Kasenga.

Alizipeleka kwa Mama Léonie, shanga zikiwa ndani, kama desturi inavyotaka, akipiga magoti mlangoni. Alisema kwamba anaomba mazungumzo yaanze upya na kwamba makosa anayachukua yeye. Mama Léonie alizipokea kwa mikono miwili. Akaziweka juu ya kabati la dawa, zimefunikwa vilevile. Akarudi kwa wagonjwa wake bila kusema kitu.

Christiane alirudi Lubumbashi mikono mitupu. Kazi mpya ikaanzia hapo, na sahani za bati zikaingia chumbani. Tangu siku hiyo hakuna mkataba unaoandikwa kabla mafundi wa pande zote mbili hawajakaa wakipeana mgongo na kupitia kila swali kwa sahani, pamoja na safari ambazo sahani haifiki, inafika imechelewa, au inafika mara mbili. Mwanzoni Ariel aliona aibu na kufunga dirisha. Sasa mafundi wa timu nyingine za mjini hupanda ngazi kuja kuangalia, na Ariel ndiye anayewaeleza, kwa madaha.

Mkataba mpya una majibu matatu badala ya mawili. Lipo la ndiyo, lipo la hapana, na lipo la tatu ambalo skrini huliandika kwa rangi ya chungwa, katika Kiswahili cha hapa hapa, ili muuguzi asihitaji kufikiri kwamba hawajajibu bado: Habayajibu. Piga simu. Ombi haliwezi kutupwa na sehemu yoyote mpaka mtu aliyelituma aseme limekwisha. Sehemu ya Doudou haina ruhusa ya kukisia, na ya Ariel pia haina.

“Ni maneno tatu tu,” anasema Doudou, ambaye siku hizi humtetea Christiane kabla hajashambuliwa. “Lakini ju ya kuyaweka pale, tulibomoa nusu ya nyumba. Na sasa nikilala, nalala.”

Zahanati zikarudi. Leo zipo zaidi ya kumi, na wauguzi wamezoea ile rangi ya chungwa kiasi kwamba hawaiogopi tena. Wanaiona, wanachukua simu. Mama Léonie naye alikubali kuwekewa programu mpya, lakini kwa masharti yake. Aliitumia huku simu ya kawaida ikiwa mezani, na alipoulizwa anaionaje alisema anaiangalia bado. Sahani zilibaki juu ya kabati.

Djo, dereva wa gari la damu, ndiye aliyekuwa shahidi wa hilo. Kila alipotoka Kasomeno, Christiane alimuuliza swali lilelile, iko? Djo alijibu iko, imefunikwa. Christiane hakumuuliza Mama Léonie hata mara moja, kwa sababu shibukombe hasukumi. Mtu mwenye haraka kama yeye kukaa karibu miaka miwili bila kuuliza ni kazi ambayo hakuna chuo kinachoitolea shahada.

Mwezi wa pili mwaka huu, umeme wa benki ulikatika tena, na Mama Léonie alikuwa ameomba damu kwa mama mwingine. Skrini ikawa ya rangi ya chungwa. Akapiga simu papo hapo, Djo akaondoka kabla umeme haujarudi, na damu ikafika mchana uleule, mgonjwa akiwa bado anaongea. Mama Léonie hakutuma pongezi. Djo aliulizwa jioni ile, iko? Akajibu, iko.

Na hapo ndipo kazi ilipokwama. Zahanati za upande wa Kinsevere zinataka kuingia, lakini habari ya lori la makaa iliwafikia wauguzi wa huko muda mrefu uliopita. Wamesema wazi kwamba Mama Léonie akikubali, nao wanakubali. Mfadhili anamtaka Christiane aende tu, aonyeshe takwimu, nzuri anazo. Amekataa.

“Banauliza Kasomeno inasema nini,” anasema, akiizungusha ile sahani ya bati mkononi. “Nibaambie nini? Kama inasema ndiyo? Haiyasema. Siwezi kufanya na bantu ile kintu nilikataza machine.”

Ni karibu saa saba. Mashine ya chini imeanza tena kusaga, na Doudou na Ariel wanajiandaa kurudi kwenye viti vyao, pale hatua zinaposikika kwenye ngazi. Anaingia Djo, kofia mkononi, ameshika furushi la kikwembe kifuani kwa namna ambayo watu hubeba mayai. Amefika sasa hivi kutoka Kasomeno. Hajapita hata kula.

Christiane analitazama furushi na hasogei. Ni Ariel anayefuta unga mezani, na Djo analiweka hapo na kulifungua fundo. Ndani kuna sahani mbili nyeupe zenye mstari wa kijani, moja ikiifunika nyingine.

Christiane anaweka kiganja juu ya sahani ya juu na kukiacha hapo. Doudou anasema taratibu, fungua, yaya, kama anavyomwita dada mkubwa. Anafungua.

Ndani hamna kitu. Sahani imeoshwa mpaka inang'aa.

Djo anasubiri mpaka wote wameona, kisha anasema ana maneno aliyopewa na ameyarudia njia nzima ili asiyapunguze.

“Mama Léonie anasema vile: zile shanga hazikukuwa za yeye kupokea. Zilikuwa za Séphora. Séphora alirudia kwa wazazi wake kule Luapula, na hii juma njo alikuja, kuletea mutoto chanjo. Mama Léonie alimuonyesha sahani, akamuelezea ya mwezi wa pili, gisi machine ilisema kama haijui. Séphora akasema ni muzuri. Akachukua shanga. Nilimuona mutoto. Anatembea. Njo anazivaa ku mukono.”

Christiane anakaa chini. Analia, na hajifichi, na hakuna anayemwambia anyamaze. Ariel anageukia dirisha na shati lake jeupe. Kwa muda huo wote Christiane alidhani kimya cha Kasomeno kilikuwa cha mtu aliyemkasirikia, kumbe kilikuwa cha muuguzi aliyekuwa akimngoja mwenye jibu.

Akishafuta uso anampigia mjomba, na anaweka sauti ya simu juu ili chumba kizima kisikie.

“Tonton, sahani imerudi.”

“Tupu?”

“Tupu.”

Redio yake inasikika kwa mbali.

“Basi sasa unaweza kubaambia bantu,” mzee anasema.

Jumanne ijayo Christiane atakwenda upande wa Kinsevere, kwenye zahanati tatu za kwanza, na baada ya hapo anataka barabara yote ya Kasenga, mpaka ziwani. Anatumaini pia kuuandika ule mkataba wa majibu matatu kwa namna ambayo fundi kijana yeyote wa Lubumbashi anaweza kuuchukua bure na kuujengea programu yake. Takwimu atazibeba kwa ajili ya mfadhili. Kwa ajili ya wauguzi atabeba jozi hii nyeupe, ndani yake shanga mpya ambazo Tonton Mukuka ameshaanza kuzitafuta, na wakimuuliza Kasomeno inasema nini, atawajibu kwamba Kasomeno imesema ndiyo.